Risala ya Wachezaji wa Gemu za Mkakati wa Same na Milima ya Upare Kuhusu Utaratibu wa Amri

Ndugu mgeni rasmi,
Ndugu watengenezaji wa gemu mliofuatana naye,
Wazee wetu wa bao, mliokubali kuacha kivuli cha mwarobaini kwa saa moja,
Mama yetu mwenye kibanda,
Wachezaji wenzetu,

Tunawashukuru kwa kushuka hapa Same. Wengi huujua mji huu kupitia dirisha la basi: wananunua maji, wanalalamikia upepo, wanaendelea na safari ya Moshi au Dar es Salaam. Ninyi mlishuka, tena mkiwa na mzigo. Mlituletea nakala ya majaribio ya gemu yenu, yenye milima kama yetu na mifereji kama yetu, mkatuambia tuicheze, tuichokonoe, kisha tuseme. Tumeicheza kwa wiki sita. Leo tunasema.

Watani wetu Wachaga wanadai Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Leo hatutawakanusha. Kesi tuliyoileta ni ndogo hata kuliko kuku: inawahusu watu wenye kimo cha ukucha wanaotembea kwenye skrini, na swali lenyewe ni wanamsikiliza nani. Hata hivyo ni kesi, ina ushahidi, na tunaomba isikilizwe mpaka mwisho.

Tuko wachezaji 18. Wengi ni wa hapa mjini. Wengine hushuka Jumamosi kutoka Vudee, Suji na Mbaga. Wawili hutoka Gonja na kulala kwa ndugu zao. Tunacheza kwenye kibanda kilicho jirani na stendi, kwa laptopu tatu. Moja imeng'oka kitufe cha R, ambacho kwenye gemu yenu ndicho cha kurudisha askari nyuma. Tunalitaja hilo mapema ili mjue kwamba kila lalamiko linalohusu kurudi nyuma tumelihakiki kwenye laptopu zilizo nzima kabla ya kuwalaumu.

1. TULIYOYAPENDA

Ndugu mgeni rasmi, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo tutasifu kwa kiasi. Milima mmeichora ikachoreka. Ukungu unaposhuka asubuhi kutoka upande wa Shengena, aliyezaliwa Chome anajua mmefika kwao. Mfereji wenu unazunguka ubavu wa mlima taratibu, haukimbilii chini kama maji ya mvua, na hilo linaonyesha kuna aliyekaa akatazama mfereji wa kweli. Mhunzi mmempa makaa, mivukuto na heshima, kama inavyostahili mahali ambapo ukoo wa Washana wa Ugweno ulijulikana kwa chuma na ambapo majembe na mikuki ilivuka tambarare kwenda kuuzwa kwa majirani.

Watu wa gemu wanazungumza Kiswahili safi. Ukimbofya mmoja anaitika, "Naam, nakwenda." Hapo ndipo furaha yetu ilipoanzia, na hapo ndipo malalamiko yetu yanapoanzia.

2. MALALAMIKO

Kwa faida ya wazee wetu tutafafanua kidogo. Kwenye gemu ya mkakati mchezaji hashiki jembe wala upinde. Kazi yake ni kuamuru: wewe lima, wewe linda, ninyi watano njooni huku. Ugumu ni kwamba mtu mmoja wa gemu anaweza kuwa na amri nne kichwani kwa wakati mmoja. Kuna uliyompa sasa hivi kwa kumbofya. Kuna ya zamu uliyompa tangu mwanzo. Kuna mbiu inayokiita kijiji kizima. Na kuna asili aliyoumbiwa na mtengenezaji: akipigwa arudishe, akiona mwizi amfukuze. Zikigongana, kompyuta inachagua moja. Malalamiko yetu yote matano yanatoka kwenye uchaguzi huo.

Lalamiko la kwanza ni la mfungua ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mfereji. Ilikuwa alfajiri ya kwenye gemu na ndiva imejaa pomoni. Mwenzetu wa Vudee akambofya mfungua ndiva, akabofya lango. Kijana wa gemu akaitika, "Naam, nakwenda," akaondoka. Zilipobaki hatua nne, tumbili akakatiza kwenye mahindi. Kwa asili mliyompa, mtu akimwona mharibifu wa shamba humfukuza. Akamfukuza. Tumbili akateremka, naye akateremka. Wakapita mihogo, wakapita msitu, wakaonekana mara ya mwisho wakielekea Mkomazi. Huku juu maji yakafurika, ukuta ukameguka, na mashamba ya chini yakapokea tope badala ya zamu yao. Mwenzetu alisimama akatoka nje bila kusema neno. Kwao ndiva si mapambo ya gemu. Baba yake hungoja zamu ya maji kwenye ndiva ya kweli.

Lalamiko la pili ni la kurudi nyuma. Tulikuwa na wapiga upinde 12 waliozidiwa nguvu. Tukawaamuru warudi darajani. Wote wakaitika, wote wakageuka, wakaanza kukimbia. Mshale ukamgusa wa nyuma. Akasimama kulipa kisasi. Ukamgusa wa pili, naye akasimama. Kila aliyepigwa alisimama, na kila aliyesimama alipigwa tena. Wakaisha wote, wa mwisho akiwa hatua chache kabla ya daraja. Tulirudia pambano hilo mara sita, kwa kitufe na kwa kipanya. Hakuna hata mara moja walipofika.

Lalamiko la tatu ni la kusitasita. Moto ulizuka ghalani wakati wa kuvuna mtama. Kwa tulivyoona, kompyuta inaipa kila kazi alama na kuzihesabu upya kila sekunde, na mtu huifuata kazi yenye alama nyingi. Moto ukawa na alama nyingi, watu tisa wakageuka kuukimbilia. Walipogeuka, kompyuta ikaona moto una watu wa kutosha, ikaupunguzia alama. Mtama ukawa juu. Wote tisa wakageukia mtama. Moto ukakosa watu, alama zikapanda. Wakageuka tena. Hatua tatu huku, hatua tatu kule, kama wacheza ngoma, mpaka ghala likawa majivu, na mtama haukukatwa hata suke moja.

Lalamiko la nne ni la msaragambo. Tunawapongeza kwa kuutia kwenye gemu. Ni jambo letu, kijiji kuitana kwa pembe kwenda kufanya kazi ya wote. Ila wa kwenu ukipigwa wanakuja hata wasiotakiwa. Mhunzi anaacha chuma motoni. Mlinzi anaacha lango wazi. Mzazi wa juzi anamwacha mtoto. Na kazi ikiisha, kila mmoja anasimama pale alipomalizia, mikono imening'inia, akisubiri. Mchezaji inabidi awashike watu 34 mmoja mmoja awarudishe walikotoka. Huku kwetu pembe huwatoa watu kazini, lakini hakuna anayehitaji kuonyeshwa njia ya kurudi.

Lalamiko la tano ndilo kubwa, na tunaomba mliandike kwa wino mzito. Katika visa vyote hivi, mtu wa gemu alianza kwa kusema "Naam, nakwenda." Kuitika akaitika, kutii hakutii, na skrini haikusema kwa nini. Tulidhani ni vitufe. Tukadhani ni umeme. Tukadhani ni sisi. Kijana wetu mmoja wa miaka 14 alipoteza ndiva tatu kwa siku moja, akaamini kwamba gemu hizi zina watu wake na yeye si mmoja wao. Akaacha kuja. Ilibidi tumfuate nyumbani tukamweleze kwamba amri yake ilikuwa sahihi, ila kuna amri nyingine iliipita juu kimyakimya.

3. TULIKOJIFUNZA

Ndugu mgeni rasmi, tusingependa mseme tumekuja na kilio bila hoja. Tulitafuta wanaojua kupanga amri, na tuliwapata karibu.

Jioni moja mzee mmoja wa bao alisimama nyuma yetu akitazama mfungua ndiva akimfukuza tumbili. Akauliza swali moja: huyu anamsikiliza nani? Tukakosa jibu. Akatuita kwenye bao lake.

Bao ni gemu ya mkakati iliyotutangulia sote: mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza namua, hatua ya kwanza ya mchezo, akiwa na kete 22 mkononi. Ukitazama vizuri, sheria zake ni orodha ya amri zilizopangwa kwa cheo. Ukiweza kula, lazima ule. Huruhusiwi kujifanya hujaona. Ukikosa pa kula ndipo unatakasa, yaani unasambaza kete bila kula. Na ukishaanza kwa kutakasa, zamu hiyo nzima huli, hata kete ya mwisho ikiangukia mahali ambapo macho yako yanaona mavuno. Hapo tukagundua dawa ya wale watu tisa wa ghalani. Bao halimruhusu mtu aliyeingia kazi ya chini arukie ya juu katikati ya safari. Anamaliza zamu, kisha anapima upya.

Mzee akatuonyesha la pili. Katikati ya sheria zote hizo za lazima, pameachwa mahali pa hiari: nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji. Ukiwa unakula, na kete yako ya mwisho ikaishia kwenye nyumba yako ikiwa bado hai, una haki ya kulala hapo au kuibeba yote na kusafiri nayo. Hakuna anayekuchagulia, wala mpinzani hawezi kukulazimisha. Na kila aliyekaa mbele ya bao anajua tangu mwanzo hiari hiyo iko shimo gani.

Shule yetu ya pili ilikuwa ndiva yenyewe. Maji huingia usiku, lango hufunguliwa asubuhi, na watu humwagilia kwa zamu. Zamu hujulikana kabla lango halijafunguliwa. Anayekosa kazi ya kusafisha mfereji anajua ana la kujibu. Ukame ukizidi, zamu hupunguzwa, na hupunguzwa mbele za watu. Hatusemi kwamba kwenye maji hakuna ugomvi. Wa chini huwalalamikia wa juu, na mara nyingi wana haki. Lakini wanagombania utaratibu ambao kila mmoja anaujua. Anayelalamika anajua amlalamikie nani, na kuhusu nini.

Shule ya tatu ni gemu zilizotangulia yenu. Kwenye Dune II, mwaka 1992, uliamuru askari mmoja mmoja, ukabofya mpaka kidole kikauma. Mwaka 1995 Command & Conquer ikamwezesha mchezaji kuwazungushia wengi kisanduku na kuwatuma pamoja. StarCraft ya 1998, ambamo kundi moja lilibeba watu 12 tu, ilitenganisha amri mbili ambazo kwenye gemu yenu zimechanganyika: nenda, na nenda huku ukipigana na utakaowakuta. Anayeambiwa nenda huenda, hata akipigwa. Total Annihilation ya 1997 ilitenganisha ruhusa nyingine mbili, ya kupiga na ya kutembea: ungeweza kumwambia askari apige atakavyo lakini asibanduke alipo. Age of Empires II ya 1999 ikampa askari misimamo minne, kuanzia mkali mpaka asiyepigana kabisa. Na kwenye RimWorld kila mtu ana orodha ya kazi, na kila kazi unaipa namba kuanzia 1 mpaka 4. Yenye 1 hufanywa kwanza, na isiyo na namba haifanywi kabisa na mtu huyo.

Hakuna hata moja kati ya gemu hizo iliyomaliza tatizo, na baadhi zina ukaidi wake. Lakini kila moja ilitoa kipande cha utaratibu kutoka kwenye tumbo la kompyuta ikakiweka mezani, mchezaji akione na akishike. Hilo ndilo tunalowadai.

4. MADAI YETU

Dai la kwanza: amri zipewe ngazi tano, na ngazi hizo ziandikwe. Tunapendekeza hivi, kutoka juu kwenda chini. Ngazi ya kwanza ni hatari ya kifo cha papo hapo: jiwe linaporomoka, maji yanambeba, moto unamfikia mwilini. Ya pili ni amri ya mchezaji aliyembofya mtu huyo. Ya tatu ni mbiu ya kijiji. Ya nne ni zamu ya kudumu. Ya tano ni hiari: kulipa kisasi, kufukuza tumbili, kupumzika. Tumeiweka mbiu chini ya amri ya mchezaji kwa sababu aliyemnyooshea mtu mmoja kidole anajua anachotaka kwake, ilhali mbiu humwita yeyote aliye huru.

Dai la pili: ngazi ya kwanza iwe fupi. Mtu aliyekwepa jiwe akwepe jiwe, kisha arudi kwenye amri aliyokuwa nayo. Hofu isigeuzwe likizo.

Dai la tatu: hiari ifungwe kamba, tena kamba mbili. Moja ipime ruhusa ya kupiga, nyingine ruhusa ya kuondoka mahali. Mlinda shamba anaweza kumfukuza tumbili mpaka mwisho wa shamba, asivuke. Na mwenye amri ya mchezaji mkononi asimfukuze hata kidogo. Ampigie kelele akiwa anapita.

Dai la nne: "rudini" iwe amri kamili. Aliyeambiwa arudi asigeuke kulipa kisasi mpaka afike alikoambiwa au mchezaji abadilishe neno. Anayetaka askari warudi huku wakipigana apewe amri yake ya pekee, yenye kitufe chake.

Dai la tano: aliyeanza amalize, au aache kwa sababu nzito. Kazi mpya ya ngazi ileile isimvute mtu mpaka iizidi ya zamani kwa kiasi cha kuonekana, si kwa alama moja. Pia anayekwenda kwenye kazi aweke jina lake hapo, wenzake walione. Moto unaohitaji watu wanne ukipata majina manne, wa tano aendelee kukata mtama. Hivyo watu tisa hawatakimbia tena kama kundi la kware.

Dai la sita: mbiu iwe na wasamehewa na iwe na njia ya kurudi. Mlinzi wa lango, mhunzi mwenye chuma motoni na mzazi wa juzi wasiitwe mpaka mchezaji awaite kwa majina. Kazi ya wote ikiisha, kila mtu arudi kwenye kazi aliyoiacha. Kama kazi hiyo haipo tena, aseme hana kazi, tumpe nyingine.

Dai la saba: pawe na nyumba. Hapa tunakiri kwamba tulibishana sana. Saba kati yetu walitaka amri ya mchezaji iwe juu ya kila kitu, hata kifo, kwa hoja kwamba kuna daraja ambalo lazima lishikwe hata walioshika wafe. Kumi na mmoja walikataa, kwa hoja kwamba kubofya vibaya mara moja kusimtupe mtu motoni. Mzee wa bao ndiye aliyetupatanisha kwa kutukumbusha nyumba. Tunaomba kitufe kimoja cha ziada, tunapendekeza kiitwe "Liwalo na liwe." Ukikishikilia wakati wa kuamuru, amri yako inapanda juu ya hofu ya kifo, kwa wakati huo na kwa watu hao tu. Kisiwe rahisi kubonyezwa kwa bahati mbaya. Na mtu akipewa amri hiyo, aitike kwa sauti tofauti, mchezaji ajue amebeba nini.

Dai la nane, na bila hili mengine yote hayatusaidii: mtu aseme anamsikiliza nani. Juu ya kichwa chake, au ukimgusa kwa kipanya, yaonekane maneno machache: "Nafungua lango, umeniamuru." "Nimeacha lango, moto." "Narudi darajani, sipigani." Foleni ya amri zinazomsubiri nayo ionekane, na mchezaji aweze kufuta yoyote. Akishindwa, aseme ameshindwa na nini: njia imefungwa, hana mshale, lango limeshikwa na mwingine. Tutamsamehe anayesema hawezi. Aliyetuchosha ni anayesema "Naam, nakwenda" huku miguu yake ikielekea Mkomazi.

Dai la tisa: utaratibu huu wote uandikwe kwa Kiswahili ndani ya gemu, mahali ambapo mchezaji mpya ataukuta kabla ya pambano la kwanza, na mchezaji mzoefu aruhusiwe kupanga upya ngazi ya tatu, ya nne na ya tano atakavyo. Ngazi mbili za juu zibaki kama zilivyo kwa wote, ili tunapocheza kwa kushindana kila mmoja ajue askari wa mwenzake wameumbwa kwa sheria ileile.

5. AHADI YETU

Ndugu mgeni rasmi, anayedai naye adaiwe. Tunaahidi kuicheza nakala ijayo kwa bidii ileile. Tutaweka daftari: tarehe, ramani, amri iliyotolewa, kilichofanyika, na laptopu iliyotumika, pamoja na ile iliyokosa R. Tunaahidi kutoisambaza nakala ya majaribio kwa watu wa nje. Mkihitaji majina ya mimea, ya zana na ya sehemu za mfereji kwa Chasu, lugha yetu Wapare, tutawauliza bibi zetu na kuwaletea, kila neno na mtaa lilikosemwa, kwa sababu wa Gonja na wa Suji hawatakubaliana.

6. HITIMISHO

Mji huu umewahi kupokea malalamiko mazito kuliko haya. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani, wakatembea kwa miguu mpaka hapa Same, makao ya wilaya, kupinga mbiru, kodi ya kukadiriwa iliyoanzishwa wakati wa ukoloni wa Waingereza. Wakapiga kambi. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakamkabili ofisa wa wilaya, wakidai suala limalizwe waume zao warudi nyumbani. Mvutano ulikwenda mpaka 1947, na mbiru ikaondolewa.

Tunalotaka mlikumbuke ni hili: watu wale hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kichwa, ambayo kila mtu aliijua na ilikuwa sawa kwa wote, walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni kukadiriwa kwa kipimo wasichoelezwa, jirani wawili wenye mali sawa wakatozwa tofauti na asipatikane wa kusema kwa nini. Hatuthubutu kulinganisha gemu na jasho lao. Wao walilala kwenye upepo huu wa Same. Sisi tumekaa kwenye viti vya kuazima. Swali lao la "kwa nini" ndilo tulilorithi. Mkipanga amri ipi iwe juu ya ipi, pangeni mtakavyo, kisha mtuambie mmepangaje. Tukiujua utaratibu, tutashindwa kwa haki na hatutawasumbua. Tusipoujua, hata tukishinda hatutajua tumeshindaje.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya nakala ijayo, dai kwa dai, hata kwa yale mtakayoyakataa. Ukikataliwa kwa sababu iliyoelezwa, umejibiwa.

Yule kijana wetu wa miaka 14 amerudi. Yupo mstari wa pili, mwenye shati la bluu. Laptopu iko wazi, ndiva imejaa, na ni alfajiri ya kwenye gemu. Baada ya risala hii ataketi mbele yenu, atambofya mfungua ndiva, na sote tutaangalia tumbili akitokea. Tunawaomba mkae karibu na skrini.

Tunaomba kuwasilisha.

Wachezaji wa gemu za mkakati,
Same na Milima ya Upare